Jenerali Asiyejua Kikuyu: Uhakiki wa Namna Tunavyousoma Ushahidi wa Mau Mau

Makala haya yanakusudia kuchunguza kosa moja la usomaji ambalo limeenea katika maandishi yahusuyo Mau Mau, ya kihistoria na ya kifasihi, na ambalo kila upande huliona kwa mwenzake tu. Kosa lenyewe ni la mtu aliyekwisha kuamini jambo la kisiasa, kisha akautazama ushahidi si kwa nia ya kujua kama imani yake ni ya kweli, bali kwa nia ya kuilisha. Yanayoikubali imani hiyo huyapokea bila kuyapima. Yanayoipinga huyapima mpaka yavunjike. Na yale yasiyovunjika huyageuza yakawa mashahidi wake.

Kiswahili hakijakosa maneno ya kulitaja jambo hili. Ukipenda, chongo huita kengeza. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini methali hizi mbili hazisemi jambo moja, na wala hazilimalizi tulilonalo. Ya kwanza inamhusu mwenye mapenzi, ya pili inamhusu mwenye masilahi. Na katika zote mbili yamkini mtu anajua anachokifanya. Sisi tunamzungumzia mwamba ngoma ambaye anaapa kwamba ngozi imekuja yenyewe. Kwa ajili ya makala haya tutaiita tabia hii ujithibitishaji, mpaka wenzetu wa istilahi watupatie neno lililo bora zaidi.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1960 Peter Wason wa London alichapisha matokeo ya jaribio lake mashuhuri: aliwapa watu namba 2, 4 na 6, akawaomba wagundue kanuni iliyozipanga kwa kumtajia namba nyingine tatu tatu, naye awaambie kama zinafuata kanuni au la. Wengi walidhani mara moja kwamba namba zinaongezeka kwa mbili, wakamtajia 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, wakaambiwa ndiyo kila mara, wakaondoka wakiwa na yakini. Kanuni yenyewe ilikuwa nyepesi mno: namba zozote zinazopanda. Ambaye angelitaja 1, 7, 50 kwa makusudi ya kuiangusha dhana yake angelijua mapema. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba watu hao hawakuwa na shamba, kabila wala marehemu wa kumtetea. Ikiwa namba tatu tu zaweza kumfunga mtu hivyo, hapana budi tutarajie makubwa zaidi pale penye damu na ardhi.

Stanley Mathenge wa Mirugi, mtu wa upande wa Othaya katika Nyeri, alikuwa miongoni mwa wakuu wa wapiganaji wa msitu wa Nyandarua. Alikuwa amepigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Yeye na Dedan Kimathi walitengana, na mojawapo ya mambo yaliyowatenganisha linapaswa kutuvutia sisi watu wa lugha: Kimathi alikuwa mtu wa kalamu, mwenye kuandika barua, madaftari na kumbukumbu za mikutano, ilhali waliomfuata Mathenge katika kundi lililoitwa Kenya Riigi waliwashuku wasomi waliotaka kuwatawala wenzao kwa maandishi. Karari Njama, mwalimu aliyekuwa katibu wa Kimathi, ameyaeleza mabishano hayo katika kitabu alichokiandika pamoja na Donald Barnett na kuchapishwa 1966. Nasi tukumbuke kwamba habari za wasiopenda kalamu zimetufikia kwa kalamu ya mpinzani wao. Mwaka 1955 Mathenge akatoweka. Watu wakasema ameelekea Ethiopia pamoja na wafuasi wake, na kwa karibu miaka 50 maneno hayo yakaishi midomoni mwa watu wa Mlima Kenya.

Mwishoni mwa Mei 2003 mzee mmoja mkulima aliletwa Nairobi kutoka Ethiopia, akapokewa kwa heshima za shujaa wa taifa. Magazeti yalikuwa yamekwisha kutangaza kwamba ndiye Mathenge. Maofisa wa serikali walimlaki. Tatizo likaonekana mara alipotakiwa kuzungumza: mzee hakujua Kikuyu. Haja yoyote ya kusema na wale walioitwa jamaa zake ilimlazimu mkalimani.

Mtu asiyeamini angelisema kwamba shauri limekwisha. Walioamini walikuwa na jibu: miaka karibu 50 ya ugenini imemsahaulisha. Jibu hili lina uzuri wake wa hatari. Mzee angelisema Kikuyu, ingelithibitishwa kuwa ni Mathenge. Kwa kuwa hakusema, imethibitishwa jinsi alivyoteseka kwa kukaa mbali na kwao. Hakuna sentensi ambayo angeliweza kuitamka, kwa lugha yoyote, ambayo ingelimtoa katika ujenerali.

Hapo ndipo elimu ya lugha ingeliweza kusaidia, na sina budi kusema kwamba sauti yetu wanaisimu haikusikika sana. Mtu aliyekulia katika lugha moja hadi umri wa zaidi ya miaka 30, akapenda, akaapa na kuamrisha watu vitani kwa lugha hiyo, anaweza kuipoteza kwa kiasi kikubwa. Msamiati humtoka, sentensi humwia nzito, matamshi huchukua rangi ya lugha mpya. Lakini haipotei ikawa kama kwamba haijapata kuwapo. Hubaki majina ya jamaa, namba, matusi, jina la mto wa kwao. Akianza kukumbushwa, hurudi haraka kuliko mgeni anavyojifunza. Kwa hiyo dai la kusahau lenyewe lilikuwa na matokeo yanayoweza kuchunguzwa. Swali lililofaa si kama mzee anajua Kikuyu, bali ni hili: Mathenge aliyesahau Kikuyu angelikuwa na mabaki gani ya lugha hiyo, na je, huyu anayo? Swali kama hilo ndilo 1, 7, 50 ya Wason. Walioamini walitosheka kuwa wana maelezo, wakachukua kuwa na maelezo kuwa ndiko kuwa na ushahidi.

Uchunguzi wa vinasaba ulipofanywa baadaye, ulionyesha kwamba mzee yule si Mathenge. Hata hivyo hawakukosekana walioendelea kushikilia kwamba Mathenge yuko, au alikuwako, huko huko Ethiopia.

Ni rahisi kucheka, na wengi walicheka, hasa wale wasiokuwa na mtu wao aliyepotea. Lakini mhakiki anayecheka upesi hajauelewa wakati wenyewe. Desemba 2002 KANU ilikuwa imeng'olewa madarakani kwa mara ya kwanza tangu uhuru, na Rais mpya alikuwa mtu wa Othaya. Kwa mujibu wa sheria, Mau Mau ilikuwa bado ni chama kilichopigwa marufuku, marufuku iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950 na ambayo haikuondolewa mpaka Agosti 2003. Watu walioambiwa kwa miaka 40 wasahau walikuwa wanamngoja shujaa, naye shujaa akaja katika majira yake hasa. Imani ilikuwa na haja. Ushahidi ukaitwa kuitumikia haja hiyo.

Tena watu hao walikuwa na sababu ya haki ya kutoziamini karatasi za serikali. Wakoloni walipoondoka walichukua mafaili takriban 1,500 ya Kenya, na kwa miaka mingi yakafichwa Uingereza. Hayakukiriwa hadharani hadi 2011, pale wazee waliowahi kuteswa kambini walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Kabla ya hapo, wasomi waliotilia shaka habari za mateso walizoea kuuliza: ziko wapi hati? Hati hazikuwapo kwa kuwa zilikuwa zimehamishwa na wale wale waliotuhumiwa. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa walalamikaji 5,228 pauni milioni 19.9. Basi ujithibitishaji haukuwa maradhi ya wanavijiji wa Nyeri peke yao. Msomi aliyekataa ushahidi wa mdomo wa maelfu ya watu kwa sababu haukulingana na kabati la nyaraka lililokwisha kuchambuliwa na mshtakiwa, naye alikuwa akitaja 8, 10, 12.

Kwa kweli mfano mkamilifu kuliko yote wa tabia hii umo katika maandishi ya wakoloni wenyewe. Daktari J. C. Carothers aliiandikia serikali ya Kenya taarifa mwaka 1954 akiieleza Mau Mau kuwa ni jambo la nafsi zilizovurugika kwa kunaswa kati ya maisha ya kale na ya kisasa. Ukiingia katika mantiki hiyo hutoki. Mtu akisema amekula kiapo kwa ajili ya ardhi, maneno yake si hoja bali ni dalili. Kambini mfungwa aliyekiri alikuwa amethibitisha kwamba kiapo ni uchafu unaotapikwa. Aliyekataa kukiri alikuwa amethibitisha kwamba uchafu umemwingia zaidi. Mfungwa wa kambi na mkulima wa Ethiopia wanafanana katika jambo moja: hakuna neno ambalo lingeliwatoa katika nafasi waliyokwisha kuwekwa.

Kutoka kwa Mathenge tunafika kwa mwenzake wa msituni, ambaye fasihi imemshughulikia zaidi. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri mwezi uliofuata kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyeongoza msako, alitoa kitabu chake 1958. Jina lake lenyewe ni la uwindaji, na Kimathi aliyemo humo ni windo. Kenneth Watene alitoa mchezo wake 1974, na ndani yake Kimathi ni kiongozi mwenye hofu na tuhuma, anayewashuku hata walio karibu naye. Mchezo huo ulikosolewa vikali kwa kumdhalilisha shujaa. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo wakatoa mchezo wao juu ya kesi ya Kimathi, ambao tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi.

Tusimame kidogo kwenye jina hilo. Kwa Kiingereza mchezo unaitwa kesi ya Dedan Kimathi. Kesi, hata ikiwa ni ya hila, ni neno lenye pande mbili: kuna anayeshtaki na anayejibu, na msikilizaji ameachiwa nafasi ya kupima. Katika Kiswahili kesi imetoweka na hukumu ndiyo iliyobaki. Msomaji wa Kiswahili anaambiwa uamuzi juu ya jalada, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Sisemi kwamba uamuzi huo si wa haki. Mimi mwenyewe naukubali. Nasema kwamba jina limemwondolea msomaji kazi ambayo mchezo wenyewe ulikuwa unamtaka aifanye.

Waandishi hao wawili hawakudai kwamba wanatunakilia yaliyosemwa mahakamani. Walieleza wazi katika utangulizi wao kuwa wanabuni upya, kwa niaba ya wakulima na wafanyakazi. Kimathi wao anaikataa mahakama na sheria ambayo yeye na watu wake hawakuitunga. Kosa tunalolizungumzia halikuwa lao bali letu wahakiki, ambao kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi mchezo ule kama kwamba ndio kumbukumbu ya mahakama, kwa kuwa ulisema tuliyotaka Kimathi ayaseme.

Kisha kumbukumbu zenyewe zikapatikana. Zilikuwa zimedhaniwa kupotea. Julie MacArthur alizichapisha mwaka 2017, na kwa heshima yao Ngũgĩ na Mĩcere walikubali kuandika maneno ya utangulizi ya kitabu hicho. Kimathi wa kumbukumbu hizo hakuikataa mahakama. Alikana shtaka, akajitetea kupitia mkalimani, akadai kwamba alikuwa anatoka msituni kwenda kujisalimisha. Habari za ugonjwa wa kifafa nazo zilijadiliwa.

Msomaji wa mrengo wa Henderson atashangilia: shujaa wenu alikuwa mwoga. Msomaji wa mrengo wa uzalendo atasema kwamba karatasi ni za mkoloni na maneno yamebuniwa. Wote wawili wamejibu kabla ya kusoma. Wa pili, hasa, akikuta katika karatasi hizo hizo sentensi ya ushujaa, ataipokea mara moja bila kuuliza imeandikwa na nani. Kipimo kinachotumika kwa sentensi usizozipenda tu si kipimo.

Kwa maoni yetu kumbukumbu hizo zinapaswa kusomwa kwanza kama fani, kabla ya kutafutwa dhamira. Ni maneno ya Kikuyu yaliyopitia kwa mkalimani yakaandikwa kwa Kiingereza cha sheria. Msemaji ni mtu aliyejeruhiwa kwa risasi, anayekabiliwa na kosa ambalo adhabu yake chini ya Sheria za Hali ya Hatari ilikuwa kifo. Serikali ilikuwa imetoa ahadi za kusalimu amri mwaka 1953 na tena 1955. Katika chumba kile, "nilikuwa naenda kujisalimisha" ni mlango mmojawapo wa kisheria ambao mtetezi angeliweza kuujaribu. Je, ni kweli alikuwa anakwenda? Sentensi hiyo haiwezi kutujibu. Haimtoi ushujaa, wala haimwongezei. Na hili ndilo gumu kuliko yote kwa msomaji mwenye imani, kwani tumezoea kwamba kila ushahidi lazima uwe wa upande fulani, wetu au wao. Ushahidi mwingi hauna upande.

Kuna pia ushahidi ulio wazi ambao pande zote mbili zimeupita bila kuutazama. Murang'a, mji ambao wakati huo uliitwa Fort Hall, pana kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Kutani mwake mna picha kubwa za Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Uchagani aliyesoma Makerere, ambazo alizichora katika miaka ya mwisho ya 1950. Kristo wa picha hizo ni mtu mweusi, na nchi anamozaliwa na kusulubiwa ni miinuko ya Ugikuyu.

Kwa msomaji wa kizalendo jengo hilo limekuwa la wasaliti, na kwa msomaji wa kikoloni limekuwa la watiifu wa Malkia. Lakini katika waliokufa walikuwamo watu wa uamsho ambao walikataa kiapo, na walipopewa bunduki na serikali ili wajiunge na kamatimu, wakaikataa nayo. Walisema hawawezi kumwaga damu ya upande wowote. Nani atawaweka wapi? Nadharia ya pande mbili, ambayo kwayo tumehakiki takriban kila riwaya na mchezo wa Mau Mau, mzalendo huku na msaliti kule, haina kiti cha watu hawa. Basi imewafanya wasionekane. Nimepitia tahakiki nyingi za fasihi ya Mau Mau, na Murang'a hutajwa ndani yake kama mahali pa chimbuko, Mukurwe wa Nyagathanga, nyumba ya Gikuyu na Mumbi. Kuta za Njau ni nadra kutajwa. Na Kristo mweusi wa Njau anamsumbua msomaji wa pili vile vile: mtiifu gani wa dola angelimchora Mwokozi kuwa Mkikuyu katika mji wenye jina la ngome ya Kiingereza?

Swali la babako alikuwa upande gani halijawa historia tupu katika Nyeri na Murang'a. Limo katika mipaka ya mashamba yaliyogawanywa upya wakati watu wengine wakiwa kambini, limo katika orodha za wanaostahili fidia, na hufufuliwa kila uchaguzi unapokaribia. Mwanafunzi tunayemfundisha kuona wahusika wawili tu katika mchezo atawaona majirani wawili tu kijijini.

Ndiyo maana napendekeza kwamba somo la uhakiki litumie zoezi ambalo wahakiki wa lugha za Kiafrika wanaweza kuliendesha bila gharama. Kabla ya kugawa kurasa za kesi ya 1956, kila mwanafunzi aandike kwa jina lake maneno gani, yakipatikana humo, yatamfanya abadili maoni yake juu ya Kimathi. Asiyeweza kuandika hata sentensi moja amekwisha kutuambia jambo la maana, nalo halimhusu Kimathi. Kisha karatasi zifungwe mpaka usomaji umalizike. Naam, atakuwako atakayeandika masharti magumu yasiyowezekana. Hao nao wasomewe karatasi zao mbele ya darasa.

Na fursa ya zoezi kubwa zaidi inatungoja. Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba kaburi la Kimathi limetambuliwa Kamiti, na punde serikali ikakanusha. Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 akiwa hajamzika mumewe. Siku mifupa itakapofukuliwa na kupelekwa maabara, magazeti yatakuwa yamekwisha kuandika vichwa vyao vya habari, na wanasiasa hotuba zao. Idara zetu ziwaombe wanahistoria, jamaa wa ukoo na maofisa waandike mapema, kabla majibu hayajatoka, ni matokeo gani watayakubali hata yakiwaudhi, na watayapima kwa vinasaba vya nani.